Babu anataka niandike kuwa tulitoka Misri, na hataki "labda"

Mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili huku Bonde la Ufa. Nina miaka 38, nimeoa, tuna watoto watatu. Sigombani na mke wangu na sina deni la kutisha. Kinachoninyima usingizi ni daftari.

Daftari hilo ni la babu yangu mzaa baba. Ana miaka 86. Enzi zake alikuwa karani wa chama cha ushirika cha maziwa, na mpaka leo ni mtu wa mistari iliyonyooka. Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akiandika humo asili ya watu wetu. Kila ukurasa ameugawa kwa rula: kushoto ameandika "Sisi", kulia "Misri". Kushoto kuna Asis, jina ambalo sisi Wakipsigis tunamwitia Mungu na ambalo ni jina la jua pia. Kulia kuna Isis, mungu wa kike wa Wamisri. Kushoto ra, yaani leo. Kulia Ra, mungu jua. Kushoto Chepkeliensokol, jina la sifa la Asis, mwenye miguu tisa. Kulia ile miungu tisa ya mji wa Heliopolis. Kushoto jando letu. Kulia kaburi la Ankhmahor kule Saqqara, ambako ukutani kuna mchoro wa kijana anatahiriwa, wa miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Kurasa kama hizo zinapita arobaini.

Mwaka jana presha ya macho ilimfunga macho yote mawili. Hasomi tena wala haandiki. Akaniita, akanikabidhi daftari, akasema nilifanye kitabu. Tangu hapo kila Jumamosi naketi naye, naweka simu juu ya kigoda, anazungumza, narekodi, usiku naandika. Kijitabu kinatakiwa Desemba, ukoo unapokusanyika na vijana wanapotoka jandoni. Kila kijana atapewa nakala yake. Mmoja wao ni mwanangu wa kwanza.

Mimi siamini kwamba tulitoka Misri. Nilichosoma chuoni ni kwamba lugha yetu ni ya Kinilo, ndugu yake ni Kimaasai na Kijaluo, na Kimisri cha kale ni cha ukoo mwingine kabisa. Nilijaribu kumwambia babu kwa upole. Katika sura ya kwanza niliongeza neno "labda" nikamsomea. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Andika nilivyosema. Mimi sikukuomba labda."

Kaka yangu mkubwa yuko Minnesota, mwaka wa kumi na mbili sasa. Ndiye atakayelipia uchapishaji wa nakala 300. Ameshatuma jalada: piramidi, jua, na ule msalaba wa Kimisri wenye kitanzi juu, ambao yeye huuvaa shingoni. Ananiambia kwamba walimu kama mimi, tuliolishwa historia ya mkoloni, ndio tunaowazuia watu weusi kudai Misri yao. Mama naye, ambaye ni mzee wa kanisa, hataki kusikia. "Mungu aliwatoa watu wake Misri," anasema, "nyinyi mnataka kuturudisha?"

Kuna jambo moja naona haya kulisema. Babu haoni. Naweza kuandika lolote, nikamsomea lingine, asijue hadi anaingia kaburini. Wiki mbili zilizopita nilifanya hivyo kwa ukurasa mmoja. Nilimsomea maneno yake, na kwenye kompyuta nikaweka yangu. Alitabasamu akasema, "Hapo umeandika vizuri."

Nifanye nini?

Mjukuu, Bonde la Ufa

JIBU

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama palepale: mzee anasomewa maneno yake, anatabasamu, na kumbe yaliyoandikwa ni mengine. Naanzia hapo ingawa wewe umepaweka mwisho, kwa sababu sidhani uliniandikia kwa ajili ya Isis. Ubishi kuhusu Isis ungeweza kuumaliza na walimu wenzako kwenye chumba cha walimu.

Nikikuelewa vizuri, umebebeshwa kazi mbili kwa mikono ileile. Babu amekufanya macho yake na kalamu yake. Darasani umejiweka kuwa mlinzi wa swali moja, "tunajuaje?", na hivi karibuni mwanao atashika kitabu ambacho baba yake hakiamini. Halafu kaka ana pesa na jalada, mama ana maandiko, na wewe uko katikati na simu juu ya kigoda. Hapo mtu yeyote angechoka.

Niruhusu niguse mambo kadhaa unayoyachukulia kuwa yameshaamuliwa.

La kwanza ni kwamba hadithi ya Misri ni kitu kimoja, ama ukimeze chote ama ukiteme chote. Mimi nikilitazama daftari hilo kwa jinsi ulivyolieleza, naona tabaka. Kuna mambo ambayo babu aliyapata kwa wazee wake kabla hajagusa kitabu chochote. Kuna aliyoyasikia kanisani. Kuna aliyoyasoma ukubwani, kwa maana mchoro wa kaburi la Ankhmahor haukumfikia kupitia kwa nyanya yake. Msomi wa kwenu Kipkoeech araap Sambu ameandika kitabu kizima juu ya swali kama Isis ndiye Asiis, na wazo hilo limekuwa likizungumzwa vijijini kwa miaka. Wazee wa Kikalenjin husimulia juu ya Emetab Burgei, nchi ya joto, huko kaskazini. Neno Misri lenyewe ni la Kiarabu, lililotufikia kwa Kiswahili. Je, umewahi kumuuliza: "Kugo, babu yako alisema Misri, au alisema Emetab Burgei?" Humpingi kwa swali hilo. Unamwomba akumbuke sauti ya mtu aliyempenda. Nasikia Wabukusu wa magharibi mwa Kenya nao wana Misri katika masimulizi yao, kwa hiyo hayuko peke yake, na inafaa ajue hivyo.

Na kuhusu upande, babu hakukosea. Wanaochunguza lugha za Kinilo wanaonyesha kwamba wasemaji wake walishuka kutoka kaskazini, kutoka maeneo ya Sudan Kusini na mipaka ya Ethiopia. Tofauti yenu ni ya umbali wa safari. Hilo unaweza kulisema kwa furaha bila kusaliti ulichosoma.

Kwenye maneno yenyewe, naona unaogopa kuyagusa naye, na naelewa kwa nini. Lakini mtu aliyepiga mistari kwa rula kwa miaka kumi si mtu wa kuogopa maneno. Isis ni umbo la Kigiriki. Wamisri wenyewe waliandika jina lake kwa alama ya kiti cha enzi, na Wakristo wa Kikopti, waliorithi lugha hiyo, walilitamka Ese. Ile "-is" ya mwisho inayofanana sana na Asis ilitiwa na Wagiriki. Tena Isis hakuwa jua lao, jua lao lilikuwa Ra, mungu wa kiume. Kwa upande mwingine, ndugu wa kweli wa neno Asis yuko karibu kuliko Misri: Wadatoga wa huko Hanang, Tanzania, ambao lugha yao ni dada wa Kikalenjin, humwita Mungu Aseeta. Mimi nilipolijua hilo mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi ya basi. Sijui babu atalipokeaje, lakini ni zawadi zaidi kuliko kipingamizi.

Ama ra na Ra, ni sauti mbili tu. Sisi tunasema kata na Waingereza wanasema cut, na maana ni ileile, lakini kata yetu ni ya kale ya Kibantu na ya kwao imekuja kwa njia yake. Hakuna aliyedai kwamba malkia wao alitoka Pwani. Na jando? Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliona kwamba watu wa Colchis kwenye Bahari Nyeusi wanatahiri kama Wamisri, na akaifanya kuwa ushahidi kwamba ni wazao wa askari wa Misri. Babu yako basi anafikiri kama baba wa historia wenu nyinyi walimu. Mwambie, nadhani atapenda.

Ungetaka kumwonyesha jinsi dini ya Misri ilivyosafiri kweli, mifano ipo. Isis alikuwa na hekalu Pompeii. Alifika hadi London pamoja na Warumi. Kulipatikana huko mtungi uliochorwa maneno ya Kilatini yanayotaja hekalu lake mjini humo. Kusini, Amun, mungu mkuu wa Misri, aliabudiwa Jebel Barkal nchini Sudan, na Isis akapendwa na watu wa Meroe, mji wa kale hukohuko Sudan. Kisiwani Philae, kusini mwa Misri, maandishi ya mwisho yanayojulikana ya hieroglifu, yale ya picha ya Wamisri, yana tarehe ya mwaka 394 baada ya Kristo. Mungu anapohamia mahali huacha mawe, majina na makuhani. Kwenye nyanda zenu za juu wachimbuaji hawajatuletea jiwe la namna hiyo.

Jambo la pili unalolichukulia limeamuliwa ni kaka yako. Barua yako inamchora kama mtu wa jalada na pesa. Mimi namwona mtu ambaye kwa miaka kumi na mbili ameulizwa anatoka wapi, katika nchi ambayo kwa muda mrefu Misri ilitolewa Afrika ili isihesabiwe kazi ya Waafrika. Wasomi wa Kiafrika Cheikh Anta Diop na Théophile Obenga walisimama Kairo mwaka 1974, kwenye kikao cha UNESCO, wakabishania jambo hilo mbele ya wataalamu wa dunia. Misri iko Afrika, na kaka hakosei kukasirika. Ila kusema Misri ni ya Afrika ni jambo moja, na kusema ukoo wenu ulitoka huko ni jingine. Na kuna kitu huenda hajakifikiria kuhusu "historia ya mkoloni". Wakoloni nao waliipenda sana hadithi hii. Mwanaanthropolojia Mwingereza C. G. Seligman aliandika mwaka 1930 kwamba kila ustaarabu wa Afrika uliletwa na "Wahamiti" kutoka nje, na ni kwa fikra za namna hiyo Wakalenjin, Wamaasai na Waturkana walipachikwa jina la "Nilo-Hamiti". Kabla yake msomi mwingine, Grafton Elliot Smith, alikuwa ameshaanza kueneza wazo kwamba ustaarabu wa ulimwengu, hata wa ng'ambo ya bahari, chemchemi yake ni Misri. Kwa watu hao, Misri ilikuwa njia ya kusema kwamba nyinyi mlipo hamkuweza kubuni chochote.

Hadithi ya kutoka mbali inaweza pia kugeuzwa kisu. Rwanda, mwaka 1992, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wasikilizaji wake pale Kabaya kwamba Watutsi kwao ni Ethiopia na watarudishwa kupitia mto Nyabarongo. Sisemi kijitabu cha babu kinafanana na hayo, hapana. Lakini wewe unaishi Bonde la Ufa, unajua swali la nani alifika lini huko kwenu lina uzito gani, na kitabu kinatolewa kwa vijana wanaotoka jandoni. Ni haki yako kulifikiria.

Mama mpe muda wake peke yake, mbali na kaka. Nadhani anachosikia ni kwamba sala za wazee wake zinafanywa sanamu.

Sasa njia zilizo mbele yako. Unaweza kuandika kila neno kama alivyosema, chini ya jina lake, bila "labda" hata moja. Hiyo ni heshima, na kitakuwa kitabu chake kweli. Hatari ni kwamba akishaondoka kijitabu kitaanza kuongea kama sheria, na mwanao atakuuliza swali ukiwa umeshasaini ukimya wako.

Unaweza kukataa kazi. Utabaki safi kama mwalimu, na saa zote zile za sauti yake zitakaa kwenye simu mpaka siku simu itakapoangukia ndoo ya maji. Kaka atamtafuta mtu mwingine wa kuandika, na huyo mwingine hatauliza chochote.

Unaweza kuweka sauti mbili: sura zake kama zilivyo, na mwishoni kurasa chache za mjukuu, zenye jina lako, ukisema ulichosoma na unachokipenda katika daftari lake. Wengi wangekushauri hivi, nami navutiwa nayo. Lakini usidhani ni rahisi. Alishakuambia hataki "labda", na "labda" iliyosogezwa mwisho wa kitabu bado ni "labda". Ndugu wanaweza kusema ulimsubiri apofuke ndipo umjibu. Kwa hiyo ukiichukua njia hii, mimi ningependa kurasa zako umsomee yeye kwanza, neno kwa neno, kabla hazijaenda kwa mchapishaji. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kutaka kukujibu, na jibu lake likawa sura bora kuliko zote.

Njia ya nne ni kuomba kitabu kisubiri mwaka mmoja. Babu ana miaka 86, kwa hiyo huyo mwaka huna hakika nao, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Kabla ya kuchagua, nataka nikuulize kitu ambacho hakimo katika barua yako. Kurasa zaidi ya arobaini zina safu ya kulia iliyojaa Misri. Misri haiwezi kupotea: imejaa kwenye vitabu na makumbusho ya dunia nzima. Safu ya kushoto je? Nani mwingine aliye hai katika ukoo wenu aliyeona mabwaita, madhabahu ya familia, ikisimama nje upande wa mashariki wa nyumba, ikifanya kazi yake? Wazee walitoka alfajiri wakalitemea mate jua linalochomoza na kuomba. Yeye aliona? Alikuwa na umri gani? Waliomba maneno gani, na mama yake alisimama wapi wakati huo? Kwa jinsi ulivyoniandikia, upande wa kushoto una neno mojamoja tu kila mstari, kana kwamba uliwekwa pale kuusubiri wa kulia. Na Chepkeliensokol, mwenye miguu tisa: nataka sana kujua wazee walimwambia nini alipokuwa mtoto akauliza kwa nini tisa. Lazima aliuliza. Kila mtoto angeuliza.

Ukitaka la kumpelekea Jumamosi ijayo, mpelekee na hili. Magharibi mwa Ziwa Turkana, pale Lothagam, wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walijenga makaburi ya pamoja yaliyozungushiwa mawe na nguzo, miaka ipatayo 5,000 iliyopita, kabla piramidi kubwa ya Giza haijainuka. Watafiti walikadiria mwaka 2018 kwamba wamezikwa humo watu wasiopungua 580. Hatuwezi kusema ni mababu zenu. Lakini ni Kenya, ni wafugaji, na hawakusubiri Farao awafundishe kuheshimu wafu wao. Na kama anataka Misri isikose kabisa, mwambie kuhusu Hatshepsut, malkia wa Misri, aliyetuma merikebu Punt, nchi ya kusini mwa Misri, karibu miaka 3,500 iliyopita, zikarudi na ubani na nyani. Nyani waliokaushwa makaburini wamepimwa, na inaonekana walitoka Pembe ya Afrika. Misri ilikuwa inatutazama upande wetu pia.

Nimebaki na ule ukurasa. Unaweza kurudisha maneno yake kimya kimya leo usiku, na hakuna atakayejua. Karatasi itakuwa sawa. Kama wewe utakuwa sawa, unajua mwenyewe. Unaweza kumwambia. Hilo lina hatari yake, kwa kuwa mtu asiyeona huishi kwa kuamini sauti, na huenda kwa muda akaanza kumwita mtu mwingine amsomee. Siwezi kukuchagulia. Ninachoweza kusema ni kwamba hukufanya lile kwa dharau. Ulikuwa mtu mmoja unayejaribu kumlinda babu na mwanao kwenye ukurasa uleule, usiku, umechoka.

Niandikie tena ukishaketi naye. Na hata kama hujaamua lolote kuhusu kitabu, tafadhali niambie amesema nini kuhusu miguu tisa.